Dakika Sabini

Shemeji yangu hakupanda ndege hata mara moja mpaka alipotimiza miaka hamsini na mmoja, lakini ukimsikia akisimulia habari za angani ungedhani alizaliwa juu ya bawa. Miaka ishirini na miwili alikalia kiti kilekile katika ofisi ya kukata tiketi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitasa na misumari, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyetoka pale bila kuambiwa umbali. Mtu amekuja kuuliza choo kiko wapi. Ataambiwa kiko mwisho wa ukumbi, mkono wa kushoto, na kwamba kutoka hapa mpaka mji mkuu wa nchi jirani ni kilomita elfu moja mia nne na thelathini, dakika sabini kwa ndege.

Hizo dakika sabini ndizo zilizompa jina. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti cha ndoa. Mtaani, ofisini na hata ukweni, yaani kwetu, alikuwa Dakika Sabini. Mwenye akili angejua anachekwa. Yeye aliitika kwa sauti, kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mimi nilikaa meza ya pili. Kazi ile alinitafutia yeye, na hakuniacha nisahau. Nilikuwa naandika tiketi kwa mkono, nakala tatu na karatasi ya kaboni katikati, kisha nagonga muhuri. Yeye alipanga safari za watu, na hapo ndipo palipokuwa na uwanja wake wa kujidai. Nyuma ya kiti chake alitundika ramani kubwa, imefifia upande unaopigwa na jua la dirishani, na pembeni, kwenye msumari, alining'iniza uzi wa katani wenye mafundo. Kila fundo kilomita mia. Mteja akiuliza nafasi ya Jumanne, shemeji anasimama, anaikalisha tai yake sawa, anaushika uzi, anaubana kwa kidole gumba kwenye mji huu, anaunyoosha mpaka mji ule, anahesabu mafundo kwa sauti. Milima na maziwa, uzi unapita juu. Halafu anageuka na kumtazama mteja, kifua mbele. Mteja anauliza tena, "Sasa Jumanne nafasi ipo au haipo?"

Siku tuliyomzika baba yangu, ndugu walisafiri usiku kucha kuja kumzika pamoja nasi. Wengine walifika miguu imevimba. Badala ya kuwapa pole, yeye aliwapa kilomita. Alimshika mjomba mkono na kumweleza kwamba barabara aliyopita ina mia sita na ishirini na nane, na kwamba kwa ndege angetumia dakika arobaini. Mjomba, aliyekuwa ametoka kumlilia marehemu, alimkodolea macho tu.

Sasa niieleze hesabu yenyewe, na nitakwenda polepole, kwa kuwa mambo yote yaliyofuata yametoka humo.

Ndege ya kwenda mji mkuu wa nchi jirani ilikuwa moja kwa siku. Kitabu cha ratiba kiliandika: kuondoka saa moja asubuhi, kufika saa mbili na dakika kumi. Shemeji alichukua ya pili akatoa ya kwanza, akapata dakika sabini. Ndege ya kurudi iliandikwa: kuondoka saa tatu, kufika saa sita na dakika kumi. Akatoa, akapata saa tatu na dakika kumi. Mtu mwingine hapo angeweka kalamu chini. Angejiuliza, ndege ni ileile, njia ni ileile, iweje kwenda ni dakika sabini na kurudi ni karibu mara tatu yake? Shemeji hakuwa na desturi ya kujiuliza. Alikuwa na desturi ya kueleza.

"Upepo," aliwaambia wateja. "Ukienda unakusukuma mgongoni. Ukirudi unakupiga usoni. Kama baiskeli tu."

Ukweli ni kwamba saa za jirani ziko nyuma yetu kwa saa moja, na kitabu kinaandika saa za mahali ndege ilipo. Inaondoka kwa saa zetu, inatua kwa saa zao. Angani inakaa saa mbili na dakika kumi, kwenda na kurudi, upepo uwepo usiwepo. Haya nayajua leo. Siku zile sikujishughulisha nayo. Niliandika tiketi, nikagonga muhuri, basi.

Msidhani hakujua kwamba saa za jirani zimepishana na zetu. Alijua sana. Kila mteja alimwagiza, "Ukifika kule, rudisha saa yako nyuma saa moja." Tatizo ni kwamba aliamini kila kilichoandikwa kwenye tiketi ni saa za kwetu. Kuna mteja mmoja, kijana wa chuo, aliwahi kumuuliza kama hiyo saa mbili na dakika kumi si saa ya kule. Shemeji alicheka mpaka akavua miwani.

"Tiketi imeandikwa hapa, imeuzwa hapa, imegongwa muhuri hapa. Iandike saa za watu wengine kwa sababu gani?"

Kijana akanyamaza. Mpumbavu akiwa na tai na ramani nyuma yake, wengi hunyamaza.

Muuza vipuri vya magari hakunyamaza. Yule alirudi amefura, kakosa kikao chake kwa jirani, akagonga meza kwa ngumi.

"Uliniambia dakika sabini! Nimekaa angani saa mbili na ushee!"

"Umekaa ndani ya ndege," shemeji akamjibu kwa upole wa mwalimu. "Kukaa ndani ya ndege na kuwa angani ni vitu viwili tofauti. Kuna kuzunguka uwanjani, kuna kusubiri zamu ya kuruka, kuna kusubiri mlango ufunguliwe. Ukiondoa hivyo unabaki na dakika ngapi?"

"Wewe umeshawahi kupanda ndege?"

"Daktari lazima augue malaria ndipo aitibu?"

Muuza vipuri alinigeukia mimi apate msaada. Mimi nikajifanya napanga karatasi za kaboni. Akaondoka, na tangu siku hiyo nilimwona kupitia dirishani akipanda ngazi za ofisi ya ng'ambo ya barabara, washindani wetu. Debe tupu haliachi kuvuma, nilijisemea, na nikaona nimemaliza kazi yangu kwa siku ile.

Aliyenikera zaidi alikuwa dada yangu, mke wake. Dada ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao alikifanya karakana: cherehani ya miguu dirishani, meza ya kukatia, waya umevutwa toka ukuta hadi ukuta kutundikia nguo zilizokwisha. Alishona sare za shule, sare za walinzi, makoti ya wahudumu wa benki. Mumewe akitoka kazini alivuta kiti karibu na cherehani na kuanza: leo nimempeleka mtu huku, ni kilomita kadha, kesho namrusha mwingine kule, ni dakika kadha. Dada anashona, mguu hautulii, anasema, "Enhe." Anapindua pindo. "Ndiyo, mume wangu." Anakata uzi kwa meno. "Makubwa hayo."

Jioni baada ya jioni. Kila nilipopita kuwasalimia na kuikuta hali ile, nilitamani kumtikisa mabega. Nilimdharau mume kwa kusema, nikamdharau mke kwa kusikiliza, na niliwahi kumwambia.

"Dada, unayaamini kweli hayo?"

"Mwanaume akizungumza nyumbani si vibaya," alinijibu. "Kuna wanaokwenda kuzungumza kwingine."

Basi ndivyo alivyo, nilisema moyoni. Kamezwa mzimamzima.

Halafu likaja suala la jicho. Dada alikuwa na jicho moja tu la kutegemewa. La kushoto lilikuwa na ukungu tangu utotoni, lilimsaidia kujua mchana na usiku na kuona mtu kama kivuli. Jicho la kulia ndilo lililotunga uzi kwenye sindano miaka thelathini. Siku moja akaanza kuona cheche pembeni. Baada ya siku mbili akasema kuna kitu cheusi kinashuka kutoka juu, kama pazia, na hakipandi tena. Daktari wa macho alimmulika, akamweleza kwamba utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga, umeanza kubanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Usiporudishwa, katika wiki chache jicho litazima. Na likizima halirudi.

Nchini kwetu hapakuwa na wa kuurudisha. Kulikuwa na bingwa anayekuja hospitali kuu ya mji mkuu wa jirani, siku moja tu, kisha anaondoka, na kurudi kwake ni baada ya miezi mitano. Daktari akampigania dada nafasi. Barua ilikuja ofisini kwetu kwa faksi, na ni mimi niliyeipokea ikiwa bado na joto la mashine. Wagonjwa kumi na wawili. Kila mmoja awe mapokezi, na barua yake mkononi, saa mbili kamili asubuhi. Atakayechelewa jina linafutwa, anaitwa wa akiba. Mstari huo ulipigiwa mstari chini.

Shemeji aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha, na hili sitamsamehe mpaka leo, uso wake ukang'aa. Hatimaye alikuwa na safari ya kupanga katika nyumba yake mwenyewe.

Aliuchukua uzi, akahesabu mafundo kumi na manne na kipande, ingawa kwa miaka ishirini na miwili mafundo hayo hayakuwahi kupungua wala kuongezeka.

"Tunaondoka siku hiyohiyo saa moja asubuhi," alituambia mimi na dada, jioni, pale karakana. "Tunatua saa mbili na dakika kumi. Hiyo kwa saa zetu. Kwa saa zao ni saa moja na dakika kumi. Hospitali ni nusu saa kwa teksi. Saa moja na dakika arobaini tuko mlangoni. Zinabaki dakika ishirini za kunywa chai."

"Kwa nini tusiende jana yake?" dada akauliza.

"Jana yake kufanya nini? Kulala hoteli katika mji mgeni, na jicho hilo, upapase kuta? Mke wangu, miaka yote hii nawapangia watu baki safari zao. Yako ndiyo nishindwe?"

"Enhe," dada akasema, na akarudi kwenye pindo lake, uso ukikaribia kugusa sindano.

Siku tatu baadaye, mchana, dada alipanda ngazi za ofisi yetu. Shemeji alikuwa ametoka kupeleka barua posta. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa maana alikuwa akishika ukuta na kuhesabu ngazi kwa mguu. Akaja hadi mezani kwangu, hakukaa.

"Mdogo wangu, hii ndege ya saa moja itanifikisha?"

Sikuinua hata kichwa.

"Mwulize mumeo," nikamjibu. "Si ndiye profesa wa dakika."

Alisimama kidogo. Nilidhani anataka kuniambia habari nyingine. Kisha akasema, "Haya," akashuka. Nilimsikia akishuka ngazi moja moja.

Tiketi tatu niliziandika mimi mwenyewe, ya dada, ya shemeji, na yangu mimi niliyekwenda kumuuguza. Kuondoka saa moja, kufika saa mbili na kumi. Nikagonga muhuri.

Siku mbili kabla ya safari dada alisema atakwenda kulala kwa shangazi kuanzia usiku huo, kwa kuwa nyumba yake iko jirani na uwanja wa ndege na hataki kupita barabara yenye mashimo asubuhi ya safari. Tungekutana uwanjani. Shemeji alikubali, tena akaongeza kwamba kutoka kwa shangazi mpaka uwanjani ni kilomita mbili na nusu.

Asubuhi yenyewe alikuja na suti. Suti nzima, koti na suruali, na tai, na kalamu mbili kifuani, mtu anayempeleka mkewe hospitali. Alimsalimia mlinzi wa lango kama wanaofahamiana. Tulisubiri nje, watu wanapita na masanduku, dada haonekani. Saa kumi na mbili na nusu shemeji akaanza kutazama saa yake kila dakika. "Wanawake na muda," akaniambia mimi, mwanamke. Tukaingia kwenye kaunta kuuliza. Binti wa kaunta akapekua orodha yake.

"Huyu mama hayumo. Tiketi yake ilibadilishwa. Amesafiri jana."

"Jana?" shemeji akasema. "Nani aliyebadilisha?"

Binti akataja ofisi. Ilikuwa ile ya ng'ambo ya barabara.

Shemeji alichomoa kalamu moja kifuani, akairudisha.

"Hofu," akasema. "Ni hofu ya mgonjwa tu. Amekwenda kulipia hoteli bure. Atatukuta tunakunywa chai."

Na mimi, naomba mnielewe vizuri hapa, nilikubaliana naye. Nilitikisa kichwa na kusema, "Dada naye, jamani." Tukapanda.

Shemeji alikaa dirishani. Ndege ilipoinuka alishika mikono ya kiti kwa nguvu zote, lakini macho hayakutoka kwenye saa. Aliianza hesabu magurudumu yalipoachana na ardhi, ili mambo ya kuzunguka uwanjani yasiingie. Dakika ishirini akaniambia, tumevuka mto. Dakika arobaini, tumevuka mpaka. Dakika sitini akafunga mkanda wake vizuri, akaweka koti sawa, akaniambia nijiandae.

Dakika sabini zilifika. Chini kulikuwa na mawingu tu. Ndege haikuinama hata kidogo. Dakika sabini na tano. Themanini. Akainua mkono, akamwita mhudumu.

"Dada, mbona hatushuki?"

"Kushuka wapi, mzee?"

"Mjini. Dakika zimetimia."

Yule binti akatazama saa yake, akatabasamu kwa adabu. "Bado karibu saa nzima, mzee. Ndiyo kwanza tuko katikati na kidogo. Nikuletee maji?"

"Leo kuna upepo wa mbele?"

"Hapana, mzee. Leo hali ya hewa ni shwari kabisa."

"Huwa mnatumia muda gani?"

"Saa mbili na dakika kumi. Kila siku."

Shemeji akashukuru, akapokea maji, akayashika bila kunywa. Nilimwona akihesabu kwa midomo. Mimi pia nilikuwa nahesabu. Kama inatua saa mbili na kumi kwa saa zao, na mapokezi wanafunga kitabu saa mbili kamili, basi dada angekuwa kwenye kiti hiki cha katikati, kati yangu na mumewe, na jicho lake, na barua yake mkononi, dakika kumi amechelewa akiwa bado hewani. Nilitamani kumtukana yule mtu. Nilikuwa na matusi ya miaka ishirini na miwili, nimeyatunza vizuri. Lakini mhudumu alikuwa anapita na gari la vikombe, nikavuta mguu apite.

Kwenye ukumbi wa kuwasili kulikuwa na saa kubwa ya ukutani. Saa mbili na robo. Shemeji aliitazama, akatazama ya mkononi, akamfuata mtu aliyekuwa akipiga deki.

"Samahani, ndugu. Saa hiyo inakwenda sawasawa?"

"Ipo sawa, mzee. Tena jana tu wamebadilisha betri."

Teksi haikuchukua nusu saa, ilichukua dakika arobaini na tano. Njia nzima hakusema ni kilomita ngapi.

Kwenye mapokezi ya hospitali alikaa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Orodha ilikuwa mbele yake, majina kumi na mawili, mawili yamepigwa mstari mwekundu na mengine mawili yameandikwa pembeni kwa kalamu. Shemeji aliinamia orodha ile, akishusha kidole jina kwa jina. Jina la dada lilikuwa la nne, safi, na alama ya vema.

"Huyu alikuwa hapa saa kumi na mbili na nusu," yule mama akasema. "Alitukuta tunafagia. Yumo chumba cha upasuaji sasa hivi."

"Na hawa waliofutwa?" nikauliza.

"Walikuja saa mbili na dakika ishirini. Mmoja bado yuko pale kwenye benchi, analia. Nifanye nini? Bingwa anaondoka jioni."

Hatukugeuka kutazama benchi.

Tuliruhusiwa kumwona dada alasiri. Muuguzi alitutangulia akitupa masharti. Utando umerudishwa. Ndani ya jicho wametia hewa ya kuushikilia, kwa hiyo wiki nzima mgonjwa atalala kifudifudi, na ndege asipande kwa miezi miwili, ile hewa ikipanda angani itavimba na kuharibu kila kitu. Kurudi nyumbani ni kwa barabara.

"Kwa basi ni siku mbili," muuguzi akasema. "Mbali, eh?"

Shemeji, ambaye angemwambia mpaka mita, akasema, "Ni mbali."

Dada alikuwa amelala kifudifudi, paji la uso kwenye mto wenye tundu katikati, kama mtu anayechungulia kisimani. Jicho la kulia limefungwa bandeji nene. Kusimama pembeni ya kitanda kulikuwa ni kuzungumza na kisogo. Shemeji alizunguka upande huu, akazunguka upande ule. Kisha akavua koti, akakaa sakafuni na suruali yake ya suti, akajilaza chali, akajisukuma chini ya kitanda kile cha chuma mpaka uso wake ukawa usawa wa uso wa mkewe, ili lile jicho la ukungu lipate angalau kivuli chake.

"Mke wangu."

"Umefika," dada akasema.

"Nani aliyekwambia?"

"Kuna mhudumu wa ndege huniletea sketi zake nizipunguze kiunoni. Nilimuuliza mko angani muda gani. Akasema saa mbili na kitu, wakitua wanarudisha saa nyuma ndipo zinalingana na za kwenye karatasi. Nikavuka barabara, nikabadilisha tiketi."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekwambia, ungenieleza."

Shemeji alifungua mdomo. Nilimwona pale chini, mdomo wazi, maelezo yamejaa tele yanasubiri kutoka. Akaufunga.

Nilicheka. Siwezi kudanganya, nilicheka kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Miaka yote nilikuwa nikiingoja sentensi ile, na imetoka kwa mtu niliyemwona bubu, tena bila ukali, kama anayekata uzi kwa meno.

"Na wewe usicheke," dada akasema, akizungumza na sakafu. "Yeye sikumuuliza, maana najua hajui. Namjua mume wangu, ana maneno. Wewe unaandika tiketi zile kila siku kwa mkono wako. Nilipanda ngazi nikishika ukuta nikakuuliza wewe."

Kicheko kilinikauka. Nikatafuta pa kuweka mikono yangu. Nilitaka kusema kwamba sikujua, na kwamba hata mimi nimefika na ndege ileile, lakini niliona hayo yote mawili yananizamisha zaidi. Jicho la dada yangu lingezima, na sababu ya kwanza ingekuwa upumbavu wa mumewe, lakini ya pili ingekuwa mimi, niliyekuwa nimeshughulika kumcheka kiasi kwamba sikupata nafasi ya kuhesabu.

Chini ya kitanda shemeji akakohoa.

"Usimlaumu mdogo wako," akasema. "Ofisini siku zile kulikuwa na kazi nyingi sana. Wateja walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi."

Hakuwepo ofisini siku ile, alikuwa posta. Alikuwa ananifichia aibu, huyo, Dakika Sabini, amelala chali sakafuni na tai yake. Dada akasema, "Enhe."

Hapakuwa na mteja hata mmoja. Nilikuwa nakata kucha.